Maji ya Kumwagilia Mawe

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Fundi alifungua kufuli la karakana, akausukuma mlango kwa nyonga kwa sababu mikono ilikuwa na chupa ya chai na mfuko wa mikate, akaona kwamba gurudumu aliloliacha sakafuni Ijumaa limekua. Aliweka chai mezani kwanza. Kisha akachukua futi, akapima: inchi ishirini na tatu. Ijumaa lilikuwa inchi ishirini na moja. Akapima tena, maana fundi hupima mara mbili, halafu akahesabu spoki. Zilikuwa zimeota nne mpya, nyembamba na laini kama meno ya mtoto, na hakuna hata moja iliyokazwa. Hilo ndilo lililomkera.

Mumewe aliingia nyuma yake akichechemea, akaketi kwenye kigoda chake cha pembeni ambapo kazi yake siku hizi ilikuwa kunyoosha spoki zilizopinda. Alilitazama gurudumu, akautazama mkokoteni wa maji ulioegeshwa juu yake, akatazama tone moja likidondoka kutoka kwenye bomba la pipa na kutua katikati ya gurudumu.

"Haba na haba," alisema, akachukua mkate.

Mkokoteni huo ulikuwa wa Chama cha Pikipiki za Mawe, na uliletwa Ijumaa jioni ili bomba lake linalovuja lifanyiwe kazi. Kwa wasioujua mchezo: mwendeshaji hupanda mawe makubwa kwa pikipiki nyepesi isiyo na kiti, polepole, bila kugusa chini. Mguu ukigusa chini, anaandikiwa kosa moja. Akianguka, matano. Mwenye makosa machache ndiye bingwa, na mwenye mengi huulizwa nyumbani kwao kama hana kazi nyingine ya kufanya.

Uwanja wa Chama ulikuwa na mawe saba. Miaka mingi iliyopita yalikuwa yakishika vumbi, na Kamati ya Ufundi ikaagiza yamwagiliwe kila alasiri ili wageni wasichafue nguo. Tangu hapo yalikuwa yanakua. Hakuna aliyeona ajabu. Kitu ukikimwagilia kinakua. Katibu aliandika kwenye ripoti ya kila mwaka kwamba "afya ya mawe ni njema", na wajumbe walipiga makofi. Jiwe kubwa kuliko yote liliitwa Mama Mkwe, kwa sababu hakuna aliyempita bila kuinamisha kichwa. Kwenye mchoro rasmi, uliotundikwa ukumbini ndani ya kioo, Mama Mkwe alikuwa na urefu wa magoti. Kwa kweli alikuwa amemfikia Fundi kifuani, na Fundi ingawa si mrefu, si mbilikimo pia.

Mawe yalikua, magurudumu yalibaki. Sheria ilisema gurudumu la pikipiki ya mawe ni lazima lipite kwenye Pete, duara la chuma lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha Mwenyekiti. Pete ilitengenezwa siku Chama kilipoanzishwa, Mama Mkwe alipokuwa wa magoti kweli. Waendeshaji waliomba magurudumu makubwa zaidi, Kamati ikaunda kamati ndogo ya kuchunguza kama yangefaa, na kamati ndogo hiyo ilikuwa inaingia mwaka wa kumi na moja. Kikao kilizaa kikao. Kamati ndogo ilikuwa imeshakubaliana juu ya maana ya neno "kubwa" na sasa ilikuwa kwenye "kufaa".

Miaka minne kabla ya Jumatatu hiyo, mumewe Fundi alikuwa ameshakuwa bingwa mara tatu mfululizo. Siku aliyopanda Mama Mkwe mara ya mwisho, jiwe lilikuwa limefika kiunoni. Gurudumu la mbele liligonga uso wa jiwe badala ya kulipanda, pikipiki ikarudi kinyumenyume, ikamlalia. Nyonga ilivunjika, na mguu wa kushoto ulipona ukiwa mfupi kwa vidole viwili. Taarifa ya ajali nayo ilitundikwa ukumbini, jirani na mchoro: *Mwendeshaji alianguka kwenye jiwe lenye urefu wa magoti. Chanzo: uzembe.* Kila mwaka kwenye mkutano mkuu alilazimika kukaa akiitazama, kwa sababu viti vya mabingwa wa zamani vilielekezwa ukuta huo.

Na sasa Jumamosi ilikuwa inakuja, na binti yao alikuwa amejiandikisha.

Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na sita, alipanga barua posta siku za kazi, na tangu utotoni aliitwa Sisimizi kwa sababu hakuna ukuta alioshindwa kuupanda. Alikuwa amesema wazi mezani, akimenya chungwa, kwamba atampanda Mama Mkwe kwa pikipiki ileile iliyomlalia baba yake. Mama yake alimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Baba alimtazama mkewe, na Fundi akajuta kulitamka neno lile juu ya mwanawe wa pekee. Tangu siku hiyo alikuwa halali vizuri na anakaza spoki kupita kiasi, na fundi mwenye miaka thelathini kazini akianza kukaza kupita kiasi, ujue ana hofu.

Jumatatu hiyo, basi, alizikaza spoki nne mpya, akafungua foko ya mbele ya pikipiki, akaondoa madigadi, akalivisha gurudumu tairi aliyoivuta kwa nguvu zake zote, akalifunga. Binti alipotoka kazini, walipanga matofali ya saruji nyuma ya karakana hadi urefu wa kifua. Sisimizi alisimama kwenye vikanyagio, akavuta pumzi, akayapanda kama mtu anayepanda kitandani. Mara ya pili vilevile. Alipojaribu kugeuka kati ya pipa la oili chafu na ukuta, hata hivyo, pikipiki ilijivuta, na mguu wake wa kulia ukagusa chini.

Wakajadiliana, wote watatu, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Gurudumu kubwa linapanda vizuri kwa sababu halikutani na jiwe usoni, linalishika begani. Lakini ni zito, na lina uvivu wa kugeuka. Inchi moja ni faida tupu, mbili ni faida yenye hasara ndogo, tatu ni ujinga. Hivyo ndivyo swali la miaka kumi na moja lilivyopata jibu, na chai haikuwa imepoa.

Mumewe Fundi alikuwa na swali lake mwenyewe. Alivuta kigoda hadi kwenye mkokoteni, akanyoosha mguu wa kushoto chini ya bomba, akakaa hivyo kutwa nzima ya Jumanne akisoma gazeti. Jioni kiatu kilikuwa kimekua kwa vidole vitatu. Mguu ulikuwa vilevile. Alikijaza kiatu matambara, akatembea nacho hivyohivyo, wala hakulizungumzia jambo hilo tena. Fundi aliumia moyoni kuliko alivyoonyesha, lakini macho yake yalikuwa yameona kitu: soli ya kiatu ilikuwa ya mpira, na mpira ulikua sawasawa na ngozi. Basi na tairi nayo ingekua.

Jumatano alilifungia bomba washa mpya ya mpira, likaacha kuvuja kabisa. Kabla ya kuurudisha mkokoteni alikinga chupa mbili za maji, akaziweka kabatini nyuma ya kopo la grisi. Kisha akalibeba gurudumu la inchi ishirini na tatu begani, akaenda kwenye Kamati, maana alikuwa mtu wa kuanza kwa njia iliyonyooka.

Wajumbe walikuwa watano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda pikipiki ya mawe. Mmoja aliwahi kupandishwa, akashuka. Walimkaribisha kwa heshima, wakampa kiti, wakamuuliza hali ya mgonjwa kana kwamba nyonga imevunjika juzi. Akaeleza yote: bomba, tone, inchi mbili, spoki nne. Waliitikia kwa vichwa. Mjumbe mmoja aliuliza kama spoki zilizoota zinahesabiwa kuwa vipuri halisi. Katibu aliandika, na kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kutamka anachoandika, Fundi alisikia: "Maji ya Chama yametumika nje ya shughuli iliyokusudiwa."

Mwenyekiti aliinuka, akaitungua Pete kwenye msumari, akajaribu kulipitisha gurudumu. Halikupita. Akaitundika tena, taratibu, kama anayerudisha picha ya marehemu.

"Umeona mwenyewe, mama," alisema. "Hatuna kinyongo na wewe. Ni Pete."

"Basi mpimeni na Mama Mkwe," Fundi alisema.

"Pete ni ya magurudumu. Kwa mawe tuna mchoro."

"Mchoro unasema magoti, mheshimiwa. Mimi ananifika hapa." Akajigusa kifua.

Wajumbe waliinamisha macho kwa adabu. Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba mchoro ulipitishwa na mkutano mkuu, na kifua chake hakijapitishwa na mkutano wowote. Kuhusu magurudumu makubwa, kamati ndogo ilikuwa inaendelea vizuri na asiiharakishe. Mambo mazuri hayataki haraka. Wakamshukuru. Alipotoka alimkuta mmwagiliaji nje, mzee mpole mwenye kofia ya plastiki, akiujaza mkokoteni. Akamuuliza kama hajawahi kuyaona mawe yanavyokua.

"Nayaona," mmwagiliaji alijibu. "Mimi nimeambiwa nimwagilie. Sijaambiwa nione."

Alimshukuru kwa bomba pia, akasema sasa halipotei hata tone njiani.

Fundi alirudi karakana akiwa na hasira. Alhamisi alifunga magurudumu mawili mapya ya ukubwa wa sheria, akaipanua foko, akaacha nafasi ya kutosha nyuma. Ijumaa yalipita kwenye Pete bila kugusa upande wowote. Katibu aliyatia alama ya rangi nyekundu kuthibitisha kwamba yamekaguliwa, na Mwenyekiti akampongeza kwa kusikia ushauri wa wakubwa. Alisema asante.

Jumamosi uwanja ulijaa. Waendeshaji kumi na wanne walipanga foleni, na Sisimizi alikuwa wa tisa. Fundi alisimama naye kama mafundi wengine walivyosimama na waendeshaji wao, chupa moja mkononi na nyingine kwapani. Mwendeshaji wa kwanza alipofika kwa Mama Mkwe alianguka. Wa pili akaanguka. Wa tatu, jamaa mmoja mwenye mabega mapana ambaye magazeti yalimpa ubingwa kabla ya siku, aligonga jiwe usoni na kurudi chali, akabebwa. Kila alipoanguka mtu, karani wa jiwe alitazama mchoro, akaandika "magoti", akaandika "uzembe". Kalamu yake ilikuwa imeshazoea. Ilifika mwisho wa neno kabla yake.

Fundi aliyafungua maji. Gurudumu la mbele alilimwagia chupa nzima, polepole, akilizungusha. La nyuma nusu. Nusu iliyobaki alitaka kuinywa, kinywa kilikuwa kimekauka, lakini akakumbuka kile kiatu, akaacha. Magurudumu yalianza kukua hapohapo kwenye foleni, bila kelele isipokuwa mlio mdogo wa spoki zinazotoka, na yeye akawa anazikaza moja moja kadiri zinavyoota, amepiga goti vumbini, spana ikizunguka. Mwendeshaji wa nyuma yao alisogea kidogo kuwapa nafasi. Sisimizi alihisi hendeli ikipanda mikononi mwake.

"Inatosha, mama," alisema.

"Bado kidogo." Fundi alikuwa anapima kwa kiganja. "Usije ukageuka kwa haraka pale kwenye kona. Litakuwa na uvivu."

"Najua."

"Ukiona huwezi, weka mguu. Mguu ni kosa moja tu, mwanangu. Moja si kitu."

Zamu ilifika. Kule kwenye viti vya mabingwa wa zamani, mumewe alikuwa amesimama juu ya mguu mmoja na kiatu kikubwa. Sisimizi alienda polepole hadi jiwe likajaa mbele yake, akaikandamiza pikipiki, akaiinua. Gurudumu la mbele halikukutana na uso wa Mama Mkwe. Lilimshika begani, likapanda, la nyuma likafuata, na kwa muda ambao Fundi hakuweza kuuhesabu binti yake alikuwa juu kabisa, amesimama kwenye vikanyagio, hajagusa kitu. Halafu akashuka upande wa pili. Kwenye kona nyembamba aligusa chini kwa ncha ya kiatu. Kosa moja, kwa mawe yote saba. Fundi alikaa chini palepale vumbini akalia, na hakujali nani anamtazama.

Kamati ilikutana pembeni mwa uwanja, imesimama. Pete ililetwa. Magurudumu hayakupita, lakini rangi nyekundu ya Katibu ilikuwa bado ipo, nayo imekua, kubwa kama kiganja. Walitafuta kifungu kinachokataza gurudumu kukua baada ya ukaguzi, hawakukiona. Mwenyekiti alitafakari, akatoa uamuzi ambao watu waliusifu kwa busara: kitu kikikua chenyewe, huo ni umri, na umri si kosa. Sisimizi akapewa kikombe. Alipigwa picha kati ya wajumbe wawili, mmoja wao akiwa amesinzia.

Fundi alitumia nafasi hiyo kuomba jambo moja tu. Kwa kuwa waendeshaji kumi na watatu wameanguka na aliyepita alikuwa na magurudumu makubwa, je, taarifa ya mumewe haiwezi kutazamwa upya, neno lile moja liondolewe? Mwenyekiti alimshika bega. Alisema ombi lake ni la haki kabisa na litakwenda kwenye kamati ndogo.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, na mkokoteni wa maji uliletwa pamoja nayo. Fundi aliisoma kwa sauti ili mumewe asikie. Kamati ilifurahi kutangaza kwamba uchunguzi wa miaka kumi na moja umekamilika. Imeridhika pasipo shaka kwamba magurudumu makubwa yanafaa. Hupita kwa urahisi penye vikwazo na hupunguza uchovu. Kwa hiyo mkokoteni wa maji utafungwa magurudumu makubwa, ili ubebe mapipa mawili badala ya moja, kwa kuwa mashindano ya mwaka huu yameonyesha wazi kwamba Mama Mkwe anapitika. Magurudumu yaliyotumiwa na bingwa yanatwaliwa kwa kazi hiyo, maana yalikua kwa maji ya Chama. Pikipiki zitaendelea kupita kwenye Pete, na kuanzia sasa zitafutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kila jiwe. Fundi anaombwa afanye kazi hiyo haraka, kwa ubora wake unaojulikana. Kuhusu taarifa ya ajali, suala liko mikononi mwa kamati ndogo mpya.

Mumewe alinyoosha spoki moja hadi mwisho.

"Yalegeze," alisema. "Spoki mbili tu. Likitoka hapo langoni linakunjika. Nani atajua?"

Fundi alifikiri kwamba hilo ni wazo zuri. Alilifunga gurudumu la kwanza, akalegeza spoki mbili, akalizungusha. Liliyumba kidogo, na lilipopita kwenye kipande cha waya alichokuwa anapimia, lilitoa mlio wa kukwaruza mara moja kila mzunguko. Akakaa. Akanywa chai. Gurudumu liliendelea kuzunguka na kukwaruza. Alijiambia aache, akafikiria nyonga ya mumewe, akamfikiria mwanawe ambaye alikuwa ameshachukua fomu ya mwaka ujao. Akafikiria miaka thelathini ya kuambiwa kwamba gurudumu lililofungwa na yeye halilii. Chai ilipoisha aliinuka, akazikaza zile spoki mbili, moja nusu mzunguko, nyingine robo, mpaka mlio ukakoma. Mumewe alirudi kwenye spoki zake. Walikuwa wameoana muda mrefu.

Mkokoteni ulitoka karakana alasiri ile ukiwa mwepesi na kimya, na mmwagiliaji aliusukuma kwa mkono mmoja. Alipita tena baada ya mwezi kushukuru. Alisema zamani alikuwa anachelewa, lakini sasa anafika uwanjani mapema sana hivi kwamba muda unambakia, naye si mtu wa kukaa bure, basi humwagilia mara tatu.

Siku hiyo Fundi alipita uwanjani akielekea nyumbani, akasimama karibu na Mama Mkwe. Sasa jiwe lilimfika begani. Aliingia ukumbini kuchukua kitambaa kikavu ambacho Chama kilikuwa kinagawa kwa kila mwendeshaji, akasaini kwa niaba ya binti yake. Ukutani mchoro ulikuwa umefutwa vumbi, na bado ulisema magoti.